Ni Nani Aliye Karibu?

Ndugu msomaji, siku chache zilizopita nilipata barua ya kijana mmoja wa upande wa Kahama. Yeye bado hajajiunga nasi, bali anaichunguza dini kwa bidii, na maswali yake si ya kubahatisha. Kaka yake ni mchimbaji wa dhahabu katika maduara. Kwa ufupi auliza hivi: Ninyi mwafundisha kwamba Mwenyezi Mungu yu karibu na mja wake kuliko mshipa wa shingo yake. Je, mtu aliyefukiwa na kifusi chini ya ardhi, ukaribu huo wamfaa nini? Na akifa humo, tuseme Mungu alikuwa karibu naye au alikuwa mbali? Kisha pembeni mwa karatasi, kwa maandishi madogo kama ya mtu aonaye haya, ameongeza swali la pili juu ya bibi mmoja mzee anayeishi jirani yao. Swali hilo la pili nitalifikia mwishoni, ijapokuwa nadhani ndilo lililomfanya aandike barua.

Swali la kwanza nimeona vema nilianze kwa kulichungua neno lenyewe, kwani nusu ya uzito wake imo ndani ya neno.

Neno karibu twalitamka mara nyingi mno kwa siku, hata hatulisikii tena. Twasema nyumba yake i karibu na kisima, na hapo neno lapima mahali. Twasema mvua zi karibu, na hapo lapima wakati. Twasema walikuja karibu watu mia, tukimaanisha kwamba hatukuwahesabu sawasawa. Na watu wa ofisini wakitaka kusema hivyo huandika takriban, ambalo ni tawi la mti ule ule. Twasema karibu aanguke, maana yake hakuanguka. Twasema ndugu wa karibu, na wazee wetu waliwaita jamaa wa namna hiyo akraba. Kisha mtu akipiga hodi mlangoni twamjibu kwa neno lile lile: Karibu! Wakiwa wengi: Karibuni!

Hapa pana ajabu ambayo yafaa tuitazame. Mtu apigaye hodi amekwisha kufika. Kati yake na mwenye nyumba pana hatua tatu au nne tu. Kwa kipimo cha futi yu karibu tayari, mbona basi aambiwe karibu? Ni kwa sababu msema Kiswahili anajua, hata kama hakufundishwa, kwamba mtu aweza kusimama mlangoni pako na bado akawa mbali nawe. Hatua zile tatu haziishi kwa miguu ya mgeni. Huishwa na sauti ya aliye ndani.

Nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha dini ng'ambo, mwalimu wetu wa Kiarabu aliniuliza siku moja wageni hulakiwaje kwetu. Nilipomwambia, alicheka, kwani katika Kiarabu cha vitabuni mgeni huambiwa marhaba, au ahlan wa sahlan, na qarib ni sifa tu ya kitu kisicho mbali. (Marhaba nasi tunayo, ila tumempa kijana atuamkiaye kwa shikamoo.) Kisha mwalimu alinyamaza kidogo, akasema kwamba watu wetu wameichukua sifa wakaifanya tendo, na kwamba huenda wameifahamu sifa hiyo vizuri kuliko wanafunzi wengi wa sarufi. Wakati ule nilidhani ananitania. Baadaye niliona alikuwa anasema kweli, kwa sababu Kurani Tukufu nayo hulitumia neno hili hivyo hivyo.

Sifa hii ya Mungu haikuachwa peke yake katika Kitabu. Katika Sura ya 11, aya ya 62, Nabii Saleh a.s. awaambia watu wake kwamba Mola wake yu karibu, na pasipo kupumua aongeza sifa ya pili, mujib, yaani mwenye kujibu. (Naihesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza, aliye na msahafu wa hesabu nyingine arudi nyuma aya moja.) Katika Sura ya 34, aya ya 51, ukaribu umeandamana na kusikia. Na katika Sura ya 2, aya ya 187, pale waja wanapouliza habari za Mungu, waambiwa kwamba Yeye yu karibu, na mara hiyo hiyo kwamba hulijibu ombi la mwombaji anapomwomba. Wafasiri wameona jambo moja zuri hapa. Mahali pengi watu walipomwuliza Mtume (s.a.w.), juu ya miandamo ya mwezi, juu ya ulevi na kamari, juu ya mayatima, jibu laanza kwa amri ya kusema, yaani Mtume aambiwa awafikishie. Katika aya hii amri hiyo haimo, Mungu ajibu Mwenyewe. Swali lilipokuwa juu ya ukaribu, hata neno moja la kumtuma mjumbe liliondolewa katikati.

Basi kuwa karibu, katika lugha ya Kurani, si habari ya umbali. Mungu hapimwi kwa kamba. Aliye karibu ni yule asikiaye na kujibu, kama vile aliye ndani ya nyumba anapoisikia hodi.

Sasa tushuke duarani, kwani huko ndiko kijana wetu alikoanzia.

Tarehe 5 Oktoba 2015 kifusi kiliporomoka katika mgodi mdogo wa Nyangalata, huko Kahama, Mkoa wa Shinyanga, kikawafungia chini wachimbaji sita. Siku zikapita, wiki zikapita, na huku juu watu wale wakahesabiwa miongoni mwa wafu. Tarehe 15 Novemba, yaani baada ya siku 41, watano kati yao walitolewa wakiwa hai. Walieleza kwamba waliishi kwa kula mende, vyura, mizizi na magome ya miti, na kunywa maji yaliyopenya mwambani. Wa sita alifia humo. Na walipatikanaje? Wachimbaji waliokuwa kazini jirani na pale walisikia sauti za watu kutoka chini, wakatoa habari, na uchimbaji wa kuwaokoa ukafanywa.

Nakuomba, ndugu msomaji, usiipite habari hii upesi. Watu watano wale, kwa kipimo cha futi, hawakuwa mbali na watu. Kazi ya uchimbaji iliendelea katika eneo lile lile, moto wa jioni uliwashwa, redio zilipigwa. Aliyekuwa karibu nao kwa mahali alikuwa mbali nao kabisa, mpaka siku sikio moja liliposikia. Tena fikiri ilivyokuwa kusikia huko. Mtu yu kazini, asikia sauti ya watu ndani ya ardhi, mahali ambapo wenzake walifukiwa zaidi ya mwezi mmoja uliopita. Wangapi kati yetu wangesema ni mizimu, wakakusanya sururu zao na kuondoka? Wale hawakuondoka. Naamini kwamba jibu la Mungu kwa waliofukiwa lilipita katika masikio ya wachimbaji wenzao, ambao huenda wenyewe hawakujua kwamba siku ile walikuwa njia ya jibu.

Lakini wa sita? Sitaki kumdanganya kijana huyu. Wako wahubiri watakaomwambia kwamba watano walitoka kwa sababu waliomba, na yule mmoja hakuomba, au aliomba vibaya. Nani alikuwako gizani kuyaandika maombi yao? Maneno kama hayo ni dhuluma kwa maiti asiyeweza kujitetea. Ninalolijua ni kwamba Kurani haikuahidi popote kwamba ukaribu wa Mungu ni kama winchi, imnyanyuayo juu kila aitaye. Katika Sura ya 56, aya za 84 hadi 86, yazungumzwa saa ya roho kufika kooni, jamaa wamesimama wakitazama wasiweze kitu, na hapo yasemwa kwamba Mungu yu karibu zaidi na yule anayekufa kuliko wao, ila wao hawaoni. Aya hizi hazisemi kwamba mtu huyo atapona. Zamhusu yule asiyepona. Kwa hiyo namjibu kijana kwamba kama ndugu yule wa sita aliongea na Mungu wake kwa mnong'ono wa mwisho, hakuongea na mwamba. Je, jibu hilo lamtosha mama yake aliyempoteza? Sidhani, wala mimi singekwenda msibani kumwambia mama huyo jambo hili siku ya kwanza. Siku ya kwanza ningekwenda kukaa naye chini, basi.

Na hili la kukaa latupeleka upande wa pili wa neno. Kama ukaribu wa Mungu ni kusikia na kujibu, wetu sisi kwa sisi wawezaje kuwa kitu kingine?

Bibi Aisha (r.a.) alimwuliza Mtume (s.a.w.) kwamba anao majirani wawili, na zawadi ni moja, ampelekee yupi? Akajibiwa kwamba ampelekee yule ambaye mlango wake u karibu naye zaidi. Naona hekima kubwa katika kutajwa mlango. Haukutajwa ukuta, ingawa watu waweza kugawana ukuta mmoja na milango yao ikatazama pande mbili. Wala haukutajwa ukoo. Mlango ndipo hodi inapopigwa. Na Sura ya 4, aya ya 37, yataka wema kwa jirani aliye jamaa na kwa jirani aliye mgeni, pamoja, pasipo kumtenga wa pili. Januari 2017, katika mgodi mmoja huko Nyarugusu, Geita, wachimbaji 15 walifukiwa na kutolewa wote wakiwa hai baada ya siku tatu. 14 walikuwa Watanzania na mmoja Mchina. Kabla ya hapo huenda walitofautiana lugha, mshahara na chakula. Mle ndani walikuwa na hewa moja.

Watu wa Usukuma wanao mwano, yaani yowe la hatari, na kila aliyelisikia yampasa akimbilie linakotoka. Sungusungu walipoanza katika miaka ya mwanzo ya 1980, huko Kahama na Shinyanga, nguvu yao ilitegemea jambo hilo: aliyesikia asipotoka, alitozwa faini. Sheria hiyo haikumwuliza mtu kama mwenye kuibiwa ng'ombe ni ndugu yake. Ilimwuliza kama alisikia. Ni fasiri nzuri ya ujirani, ingawa lazima niseme pia, kwa kuwa haki ni haki, kwamba Sungusungu wale wale mahali pengine waliwaadhibu wazee wa kike kwa tuhuma za uchawi tu.

Nami sasa nimefika mahali ambapo kalamu yangu yaona uzito. Ukaribu wa mahali, ukikosa ule wa pili, ni jambo la hatari. Wazee husema kikulacho ki nguoni mwako. Katika mikoa ya Shinyanga, Mwanza na jirani zake, kwa miaka mingi bibi vikongwe wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na alama iliyotajwa mara nyingi ni macho mekundu. Lakini macho hayo yalifanywa mekundu na moshi. Miti ya Shinyanga ilikatwa kwa ajili ya kuwafukuza mbung'o na kwa ajili ya mashamba ya pamba, hata nchi ikaitwa jangwa, na mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa HASHI ili kuirudisha. Mwanamke asiye na kuni alipika miaka hamsini kwa samadi kavu na mabua ya pamba, katika chumba kisicho na dirisha. Chakula alichopikia watu ndicho kilichompa alama ya kuuawa. Na nani aliyemtaja? Si mtu wa mbali. Wa mbali hajui macho yake yakoje.

Kisha tazama jambo ambalo latisha zaidi. Tangu mwaka 2007 nchi ilisikia mauaji ya watu wenye ualbino, hasa Kanda ya Ziwa, kwa sababu waganga waliwadanganya watafutao mali kwamba viungo vyao vyavuta dhahabu na samaki. Septemba 2009 Mahakama Kuu ikikaa Kahama iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumwua mvulana katika wilaya ya Bukombe, ambayo tangu mwaka 2012 imo katika Mkoa wa Geita. Hapa lugha yatushuhudia tena. Kwa Kiarabu sadaka ya kuchinjwa huitwa qurban, kutoka mzizi ule ule wa karibu: ni kitu akitoacho mtu ili asogee kwa Mola wake. Na Kurani yaeleza, Sura ya 22, aya ya 38, kwamba nyama na damu hazimfikii Mungu, bali kinachomfikia ni uchaji wa mtoaji. Anayemtoa jirani yake kafara ili aisogelee dhahabu ameigeuza kurbani juu chini. Hakutoa kitu chake; ametoa uhai wa mwingine, ili yeye akaribie jiwe. Wana wawili wa Adamu, katika Sura ya 5, aya ya 28, walikuwa ndugu wa tumbo moja, na mauaji yao yalitokea palipotolewa kurbani. Papo hapo, baada ya kisa chao, ndipo ilipoandikwa hukumu ya kwamba kuua nafsi moja pasipo haki ni kama kuwaua watu wote.

Wala tusijidanganye kwamba makosa ya ujirani ni ya wauaji pekee. Mchimbaji achomaye zebaki uani kwake ili ibaki dhahabu tupu, moshi ule wa sumu hauulizi ni nyumba ya nani wala ni mtoto wa nani. Mtume (s.a.w.) alikana kwa kiapo imani ya mtu ambaye jirani yake hasalimiki na maovu yake. Hakusema maovu ya makusudi.

Nami ninalo deni katika habari hii. Zaidi ya miaka ishirini iliyopita, kabla sijakwenda chuoni ng'ambo, nilikaa katika kijiji kimoja cha Shinyanga nikiwafundisha watoto kusoma. Nyumba ya nne kutoka kwangu aliishi bibi mjane pamoja na mjukuu wake wa kike. Ng'ombe wawili wa mtu mmoja walikufa, na maneno yakaanza kisimani. Niliyasikia. Jioni moja bibi alipiga hodi kwangu. Nilikuwa na wageni, na nilijua alilokuja kusema, nami niliogopa kuonekana naye. Nikamjibu nikiwa ndani: Bibi, njoo kesho. Sikusema karibu. Usiku nilisikia vishindo na mbwa wakibweka, nami nikajiambia kwamba yule si ndugu yangu wa karibu, wala mimi si mwenyeji wa pale. Mwano haukupigwa na mtu yeyote. Asubuhi paa lake lilikuwa limeezuliwa, mlango u wazi, chungu kimepinduliwa, yeye na mtoto hawapo. Wengine walisema alikimbilia kwa mwanawe upande wa Geita, wengine walisema vingine. Nimeuliza mara nyingi tangu hapo, na mpaka leo sikupata habari ya hakika.

Kwa hiyo swali la pili la kijana wetu lilinikuta mahali pabaya. Anaandika kwamba karibu na mwalo, wanakooshea mchanga wa dhahabu, yuko bibi ambaye watu hawamsalimu, watoto humtupia mawe, na mama yake amemkataza kupita pale. Auliza kama ni dhambi kumwamkia kinyume cha amri ya mzazi.

Kijana wangu, mama yako haogopi kwa ubaya. Anaogopa kwa ajili yako, basi zungumza naye kwanza kwa adabu, umweleze habari ya macho na moshi. Kisha nenda jioni, kabla giza halijaingia, usiende kwa kificho kana kwamba waiba. Mama akikubali afuatane nawe ni bora zaidi. Asipokubali, nenda na kaka yako, maana mtu atokaye duarani watu humheshimu. Simameni mlangoni mkapige hodi mara tatu, kama ilivyo sunna. Asipojibu, rudini kesho. Akijibu, mwamkieni shikamoo, mtaje majina yenu, mmwambie nyumba yenu ni ya ngapi kutoka kwake. Halafu mwulizeni kama kuni anazo, na kama moshi wa jiko lake una mahali pa kutokea. Kama hauna, kaka yako anazo sururu, na kutoboa tundu la dirisha katika ukuta wa udongo ni kazi ya nusu siku.